Mpaka Katikati ya Lambo

Bado nina hasira. Nimejaribu kuandika habari hii kwa utulivu, nikachana karatasi, nikaanza tena, nikachana tena. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikisuka kikapu na unyasi mmoja ukapinda, nakifumua chote. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye Biblia ya mama na vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi dukani, na tangu nijue kusoma sivumilii neno lililokaa vibaya. Sasa naishi kwa shangazi yangu Iyunga, Mbeya, ambako hakuna anayelijua lambo letu. Nitasema ilivyokuwa, hata kama baba yangu ataonekana vibaya. Najua binti hasemi hivyo. Nimeshasema.

Kwetu ni milima ya Iringa. Nyumba ziko juu mgongoni mwa kilima, na chini bondeni kuna vinyungu, mashamba tunayolima wakati wa kiangazi kwa kuwa udongo wa huko haukauki. Mahindi ya kilimani yakiisha ghalani, ni ya kinyungu yanayotuvusha mpaka mavuno mapya. Lakini mvua za kwanza zikipiga juu, maji hushuka yote kwa mkupuo na kuzoa kila kitu kabla hatujavuna. Ndiyo sababu likaamriwa lambo: tuta kubwa la udongo la kukatiza bonde, liyashike maji ya ghafla na kuyaachia polepole kupitia mfereji wa pembeni.

Bwana shamba alikuja kutuonyesha. Mwaga udongo wa mfinyanzi, usizidi kina cha kiganja. Nyunyiza maji. Shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo umwage mwingine. Nilimpenda mtu yule kwa maneno hayo tu. Kisha akapanda gari, akaenda zake, akamwachia kazi jumbe, mkuu wa kijiji chetu.

"Nikiwaweka pamoja mtategeana, nawajua," jumbe alisema. "Kila nyumba na kipande chake. Mvivu ataonekana."

Watu wakacheka, wakakubali. Akaita nyumba kwa kufuatana zilivyo mgongoni, kwa hiyo kipande chetu kikaja kupakana na cha jirani yetu wa upande wa juu, katikati ya bonde penye kina kirefu. Wengine waliweza kulichekea hilo; sisi hapana. Baba na huyo jirani walikuwa wamegombania mpaka wa mashamba yao tangu sijazaliwa. Kila mmoja alidai mwenzake anausogeza kwa jembe, kidole kwa kidole, kila mwaka.

Kwetu mpaka ni ukanda wa nyasi. Hulimi hapo, hupalilii, hata mbuzi wako akila hapo utasikia maneno. Jembe likigusa ukanda ule ni kesi kwa jumbe. Basi watu wakaenda na desturi yao mpaka juu ya lambo. Kati ya kipande na kipande wakapanga mabonge ya nyasi na mizizi yake, ili mpaka ujulikane. Tabaka moja la udongo likipanda, na nyasi zinapandishwa. Kila mtu alishindilia kwake kwa nguvu zote, akifika karibu na nyasi anapunguza mkono, asije akaambiwa ameingia kwa mwenzake.

Kaka yangu alikuwa Chunya kwenye dhahabu, kwa hiyo kipande chetu kilikuwa cha baba kwa jina, na cha mama na mimi kwa mgongo. Mama alibeba udongo. Mimi nilishindilia kwa mchi wa kinu. Sitajivuna, lakini kisigino hakikuacha alama. Nilikuwa nakwenda kulala nikiwaza pembe fulani niliyoiacha laini, na asubuhi naanza na pembe hiyo.

Siku moja nilichomeka kijiti kwenye zile nyasi za mpakani. Kilizama chote, kama kwenye uji. Nikakichomeka kwetu, kikavunjika. Nikang'oa mabonge mawili ya nyasi, nikamwaga udongo pale, nikaanza kushindilia.

"Ee! Ee!" jirani alipiga kelele akiwa upande wake. "Njooni mwone! Baba anakula mpaka wangu shambani, binti anaula hapa. Ukoo mzima una meno!"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia kwa heshima, "Baba mdogo, sichukui kitu. Hapa maji yatapita."

"Maji yatapita! Umekuwa bwana shamba? Gari lako liko wapi?"

Baba akaja. Nilidhani atatazama kijiti. Hakutazama. Alinishika mkono mbele ya watu wote akaniambia, "Rudisha nyasi zake."

"Baba, nyasi zitaoza ndani. Gusa mwenyewe uone."

"Mpaka hauguswi. Unataka niitwe mwizi mbele ya jumbe? Rudisha."

Nikazirudisha. Nilikuwa na hasira, si hofu, na nilizipanga vizuri sana, moja moja, kwa sababu hata kitu ninachokichukia siwezi kukipanga ovyo. Jumbe alikuwa pale. Nilimwonyesha na yeye. Akasema, "Kazi yako ni kipande chenu, mwanangu. Kipande chenu ni kizuri kuliko vyote. Shukuru."

Lambo likaisha. Lilipendeza, sikatai. Mchungaji aliliombea, watu wakapita juu yake wakiimba.

Mvua ya kwanza kubwa ilipiga milimani asubuhi, wakati mahindi ya vinyungu yalikuwa bado na maziwa. Watu wote walikimbilia lamboni kutazama, na kwa muda mrefu ilikuwa furaha tupu. Maji yalikuja mekundu yakigonga tuta, tuta likayakatalia. Wanawake walipiga vigelegele. Mama hakuwapo. Alikuwa chini kwenye kinyungu chetu akivunja mahindi mabichi, kwa sababu kijiti changu alikiona na yeye, ingawa hakusema.

Mimi nilishuka upande wa nyuma wa tuta, nikasimama chini ya mpaka. Nyasi zilikuwa zinatoa machozi. Kwanza maji safi. Kisha yakawa na tope.

"Leteni udongo!" nilipiga kelele. "Baba! Udongo, hapa!"

Walikuja wote wawili, baba na jirani, na majembe yao. Nataka msomaji awaone vizuri, kwa kuwa mimi nawaona kila siku. Wanaume wawili wenye nguvu, majembe mkononi, udongo umejaa kando.

"Ni kwako kunakovuja," jirani alisema.

"Kwangu? Tazama vizuri. Nyasi ni zako, ulizipanga wewe."

"Binti yako alizing'oa! Watu wote ni mashahidi. Alilegeza yeye."

"Alizirudisha."

"Basi ziba, kama ni kwako."

"Nikiziba utasema nimekiri."

Hayo ndiyo waliyosema. Sijaongeza neno. Nilikuwa namwaga udongo kwa mikono, na maji yalikuwa yanautema. Nikaona tundu limekuwa kubwa kama chungu. Nikawaacha, nikakimbia chini.

Mama alikuwa ameinama na kapu kiunoni. "Bado mstari huu," alisema. Nilimvuta kwa nguvu mpaka kapu likapinduka. Hatujafika mbali kwenye kilima, bonde likanguruma. Sikugeuka kutazama. Mama aligeuka. Niliona uso wake tu, na huo ulinitosha.

Maji yalipopungua, kinyungu chetu kilikuwa mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Na cha jirani pia. Kule juu lambo lilikuwa limesimama, lote isipokuwa mahali pamoja. Kipande chetu kilisimama kama ukuta wa kanisa. Cha jirani kilisimama. Katikati palikuwa na mlango ambao ng'ombe wangeweza kupita wakiwa wameongozana wawili wawili.

Baba alikuwa anapapasa ukuta wa kipande chetu. "Mmeona?" aliwaambia watu. "Hakikutikisika."

"Hata changu," jirani alisema. "Kusema kweli, tulifanya kazi."

"Tulifanya kazi, jirani."

Mara ya kwanza maishani mwangu niliwasikia wakikubaliana. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Nilitaka kumwambia asimsingizie Mungu.

Nyumbani baba aliketi, akaomba chakula. Mama aliweka mbele yake bakuli tupu.

"Nini hiki?"

"Mpaka," mama alisema. "Uliulinda vizuri. Kula."

Jumbe aliitisha kazi ya kuziba. Baba akasema pengo si lake. Jirani akasema pengo si lake. Jumbe alikuna kichwa, na nasema kweli, akawageukia mama na mke wa jirani: "Basi ninyi mliopoteza mahindi, zibeni." Wanaume wakaona ni hukumu ya busara. Nilipandwa na hasira mpaka nikaona giza. Sijui kama waliona aibu. Nimewatafutia aibu hiyo mara nyingi, sijaipata.

Tuliziba sisi watatu. Kwanza tulichimba nyasi zote zilizobaki, na kuta zile mbili nzuri tukazikwangua mpaka zikawa na meno, udongo mpya ushikane na wa zamani. Halafu kiganja kwa kiganja, maji, mchi. Mke wa jirani na mama hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mingi, kwa ajili ya waume zao. Sasa walipokezana mchi. Kila nilipopiga nilikuwa na uso wa mtu fulani mbele yangu. Naungama hilo, wala sitaki kusamehewa.

Tulipokaribia juu, baba alikuja. Alizunguka, akakagua, akaridhika. Kisha akaweka mguu katikati kabisa.

"Mngeacha nyasi kidogo hapa," alisema. "Kidogo tu. Ijulikane kwangu kunaishia wapi."

Mama aliendelea kunyunyiza maji. Mke wa jirani ndiye aliyesimama wima, mchi mkononi, jasho likimtiririka.

"Shemeji," alisema, "ondoa mguu. Tunashindilia."