Kioo cha Ishirini na Tano

Mdogo wangu wa kiume ana ugonjwa mmoja: kwake chenye nguvu zaidi ndicho kizuri. Aliagiza darubini Kisangani, ikaletwa kwa pikipiki kwa barabara ya Lubutu, ikiwa na vioo vitatu vidogo vya kuwekea jicho. Kimoja kiliandikwa ishirini na tano, kingine kumi, cha mwisho nne. Hicho cha namba nne, namba ndogo kabisa, ndicho kinachokuza kuliko vyote, na hicho ndicho alichokikumbatia kama amezaliwa nacho.

Darubini ilikuwa kwa ajili ya baba. Tangu utoto wangu ndiye aliyeutafutia msikiti wetu, hapa Alunguli, mwezi mwandamo wa Ramadhani. Wakati wa vita, boti zimesimama na redio hazina betri, alikuwa akienda ukingoni mwa Lualaba na kutazama magharibi, juu ya mji ulio ng'ambo. Jioni moja askari walimkamata.

"Unaangalia nini kule?"

"Mwezi."

"Mwezi ya upande gani?"

Walimlaza katika godauni mpaka asubuhi. Lakini alikuwa ameshauona, na mama, aliyekuwa naye, alilibeba neno lake mpaka msikitini. Mtaa mzima ukafunga.

Sasa macho yake yameingia ukungu, na daktari amesema mwakani hayataona kitu. Baba alitaka jambo moja tu: auone mwezi mara moja tena na kuutolea ushahidi kwa kinywa chake.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani tulifanya majaribio. Nilieleza mpaka mate yakanikauka: kioo cha nne kinakuza sana, lakini kinaonyesha kijipande cha mbingu tu, na mwezi mchanga haumngoji mtu. Anza na ishirini na tano, upate mbingu pana.

"Yaya, hii inaonyesha mwezi kadogo sana," mdogo wangu akasema; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Baba haone muzuri, na unamupa ya bila nguvu?"

Baba, ambaye kwa mapenzi huniita mama, naye akamuunga mkono. "Mama, weka ile ya kukuza."

Nikaweka. Tukapata wingu, tukapata waya wa umeme, tukapata kunguru. Mwezi ukazama. Mdogo wangu akatangaza kwamba darubini ni mbovu, na mimi nikatamani kumtupa mtoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ilipofika jioni yenyewe, nilikifunga kioo cha nne katika fundo la kitenge changu.

"Yaya, ile ya ine iko wapi?"

"Sijui."

Ukungu ulitanda na hakuna aliyeona chochote kwa macho matupu. Nikaweka ishirini na tano. Baba akalipeleka bomba la darubini polepole juu ya paa za mji, akasimama, akashusha pumzi.

"Ndo ule, mama. Nauona."

Machozi yalinitoka. Mdogo wangu akaingilia kwa pupa naye aone, akaipiga teke miguu ya darubini. Tulipoiweka sawa, mwezi ulikuwa umeshazama.

Msikitini shahidi huulizwa jambo moja kabla ya mengine: pembe zilielekea wapi? Baba akajibu bila kusita, "Chini."

Watu wakaguna. Kwetu mwezi mchanga hulala chali, pembe juu, na kila mtoto anajua. Nami nilikuwa nimesoma kwenye karatasi ya darubini kwamba aina ile hupindua kila kitu kichwa chini miguu juu. Mwezi mzima nimegombania namba za vioo, na hilo sikumwambia! Nikapaza sauti kutoka upande wa wanawake, nikaeleza.

"Kioo chenye kupindua mwezi, tutakiamini namna gani?" akauliza mzee wa msikiti, kwa upole uliozidi kunikera. Wakaukataa ushahidi wake.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Baba, si unajua pembe zinakuwaga juu? Ungesema juu, ingekuwa imeisha!"

"Najua," akasema. "Lakini niliona chini."

Aliyeuona mwezi imempasa kufunga, hata akikataliwa. Alfajiri nilimpikia daku, mtu mmoja katika mtaa mzima. Nikakaa nikimtazama akipapasa sahani kutafuta kipande cha mwisho cha samaki, na hasira yangu yote haikuwa na pa kwenda ila kwangu mwenyewe.