Kinywaji cha Kuteremshia Chaza

Mdogo wangu wa kiume alipokuja kutusalimia baada ya miaka tisa Ubelgiji, hakuleta manukato wala viatu. Alileta chaza ishirini na wanne, wabichi na wazima, ndani ya sanduku dogo la barafu. Katika mji wa pwani anakoishi hiyo ndiyo kazi yake: anasimama sokoni nyuma ya meza, kisu kifupi mkononi, anafungua chaza na watu wanawameza hapo hapo. Mama alichungulia ndani ya sanduku, akagonga gamba moja kwa ukucha.

"Hii ni mawe," alisema.

"Ni nyama ya bahari, mama. Kesho tutakula."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Na unakunywaka nini juu yake?"

Mdogo wangu alijibu kwamba tutatafuta kitu. Mimi nilijua swali lile limetoka wapi. Mtu mmoja aliyerudi kutoka huko alimnong'oneza mama kwamba mwanawe siku hizi anaonekana na glasi. Mama hakumuuliza kwa simu. "Uso kwa uso," aliniambia. Sisi ni Waislamu wa mtaa wa Jabe tangu enzi za babu, na pombe haijawahi kuvuka kizingiti chetu. Mama aliwahi kukosana na kaka yake wa tumbo moja kwa ajili ya bia, na mpaka kaka huyo anaingia kaburini hawakusemezana. Mama akifunga mlango, haufunguki. Nilimwogopea sana mdogo wangu.

Asubuhi yake tukaenda sokoni, mimi na yeye, kutafuta kinywaji. Alinieleza kwamba chaza ana chumvi ya kwake, basi anataka kitu baridi, chembamba, chenye ukali kidogo, kisicho na sukari. Mwambie hivyo muuza juisi wa Jabe! Kwetu kumpa mtu juisi isiyo na sukari ni kama kumwambia aondoke. Tulionja tangawizi ya kwanza, meno yakauma kwa utamu. Tukaonja ya pili, ikawa jamaa ya ile ya kwanza. Ya maracuja, yaani pasheni, mdogo wangu alisema inanukia kuliko chaza mwenyewe. Mutobe, ile juisi ya ndizi, alikunywa yote kwa furaha, akajilamba midomo, kisha akasema haifai.

"Watu wa Kibenga, kule kwa matajiri, wasingehangaika hivi," nilimtania. "Wangefungua chupa yao wakamaliza."

Hakucheka. Alikuwa ameinama mbele ya fungu la ndimu, anaziminya moja moja.

"Dada, huko ni divai nyeupe. Na mi nakunywaka."

Nilitazama kulia na kushoto kana kwamba mama amejificha nyuma ya viazi.

"Usimwambie," nilisema. "Akikuuliza, sema unakunywaka citron, maji ya ndimu tu. Unarudi Ijumaa. Siku tano utashindwa kufunga mdomo?"

"Siwezi kumudanganya mama."

Njia ya mwongo ni fupi, najua, nami ndiye ninayewaambia wanangu kila siku. Lakini asubuhi ile ningeitembea yote bila viatu.

Tulinunua ndimu, tangawizi mbichi na barafu, tukarudi. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kibao, mbele yake beseni kubwa limejaa maji ya bomba, na ndani ya maji, chaza. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi njema.

"Walikuwa wanapanua mdomo," alisema. "Safari yote ile hakuna mutu aliwapa maji. Mi nimewapa toka asubuhi. Wale walifunga mdomo nimewaacha mu sanduku, hawana kiu."

Usilolijua ni usiku wa giza. Mama amezaliwa na kuzeekea kando ya ziwa la maji matamu, kwake samaki na maji hawagombani. Mdogo wangu alichuchumaa. Aligonga gamba moja, halikujifunga. La pili, halikujifunga. Maji yasiyo na chumvi yalikuwa yamewaua wote waliokuwemo. Nilimwona akiuma mdomo, na mimi nilitamani kumzaba mama kofi la maneno. Wanyama waliovuka bara zima kwenye barafu kuja kufia uani kwetu, kwa wema!

"Wamekunywa vizuri, mama," alisema polepole. "Hawa tutawaacha. Tutakula wale hawana kiu."

Walibaki wanane. Baada ya Alasiri mdogo wangu akawafungua jamvini, kisu kinaingia na kutoka bila kelele, mikono yake ya haraka kuliko nilivyoikumbuka. Mimi nilikuna tangawizi, nikakamua ndimu kwenye maji ya barafu, nikaficha bakuli la sukari. Mama alilitafuta, akalipata, akajitilia vijiko viwili. Kisha akasema Bismillahi, akafumba macho, akameza chaza. Alishika goti langu kwa nguvu. Alikunywa glasi nzima bila kupumua.

"Ni kama mutu ameanguka mu maji mudomo wazi," alisema, na sote tukacheka, na nikadhani tumepona.

Akajifuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Huko, na hii vitu, unakunywaka nini?"

Nilianza kusema kitu kuhusu ndimu. Mdogo wangu akaniwekea mkono begani.

"Divai, mama."

Mama alitazama mlango. Nilimwona marehemu kaka yake kwenye macho yale, nikaanza kuomba moyoni.

"Na nani?"

"Aa?"

"Unakunywaka na nani?"

Kwa swali lile mdogo wangu hakuwa amejiandaa. Alikuwa amejikaza kwa kukaripiwa, amekaza mpaka shingo, sasa mabega yakamshuka.

"Peke yangu, mama. Nikitoka kazi. Nabakizaka chaza tatu, ine, nakulia ku dirisha."

Mama aliweka glasi chini. Machozi yalimtoka, na mama yangu si mtu wa kulia mbele ya watu.

"Haramu ni haramu," alisema. "Hiyo nilikwambia toka uko mutoto, sirudilie. Lakini kula peke yako miaka tisa, hiyo hakuna mutu aliniambia." Akavuta pumzi. "Unatokaka kazi saa ngapi?"

"Soko ni Jumamosi, mama. Natokaka saa kumi."

Mdogo wangu aliondoka Ijumaa ile. Kesho yake, saa kumi kasoro, mama alinituma ndimu na tangawizi, akaniambia nisimamishe simu juu ya kibao mahali atakapoonekana vizuri. Tangu hapo hajakosa Jumamosi hata moja, akiwa na homa au hana. Mdogo wangu anatokea kwenye kioo cha simu, koti bado mwilini, anaonyesha chaza wake mmoja mmoja kama mtoto anayeonyesha daftari. Mama anasema Bismillahi kwa ajili ya wote wawili. Anamwangalia mpaka amwone amemeza, ndipo na yeye anakunywa.