Nguzo ya Shemeji Yangu

Watu wa upande ule wa ziwa husema kwamba ukumbi wa kanisa lao hubisha hodi jioni. Husema pia kwamba ukizigonga nguzo zake, marehemu hujibu. Hayo nimeyasikia tu, na sitayathibitisha. Nilichokiona kwa macho yangu na kukigusa kwa mikono yangu ni kidogo kuliko hayo, na ndicho ninachokiandika.

Ukumbi ulijengwa kwa fremu ya chuma: nguzo za bomba la mraba, tupu ndani, zikibeba paa la mabati. Ziwa letu ni la magadi. Upepo wa mchana huinua vumbi lake jeupe na kulibandika kwenye kila kitu, na chuma cha huko hakingoji mvua ili kiliwe. Nilifundisha ujenzi chuoni mpaka nikastaafu, na kila darasa nililiambia jambo lile lile: chuma cha mahali kama pale kipakwe zinki kabla ya rangi, miguu yake iinuliwe juu ya sakafu, na kutu ikwanguliwe mapema, kabla haijafanya makao.

Lakini kanisa lilikuwa na desturi yake. Kila familia iliyotoa nguzo iliandikiwa juu yake jina la marehemu wao, si kwa brashi bali kwa moto wa kuchomelea, herufi zikatuna kama makovu. Kila mwaka, Krismasi ikikaribia, akina mama walizipaka nguzo rangi mpya juu ya ile ya zamani. Kukwangua hakukuruhusiwa. Kumkwangua marehemu, walisema, ni kumvua nguo mbele ya watu.

Aliyesimamisha fremu hiyo na kuchomelea majina yote alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. La kwake alilichomelea mwenyewe alipoanza kuugua, asije mwingine akalikosea.

Baada ya kifo chake ziwa lilipanda, likaingia ukumbini, likakaa humo kwa misimu kadhaa, kisha likarudi nyuma. Akina mama waliosha matope, wakapaka rangi. Dada yangu alitaka ibada ya kumkumbuka mumewe ifanyike ndani, mbele ya nguzo yake. Wazee wa kanisa walikataa kufungua mlango mpaka mtu mwenye ujuzi aseme kwamba paa halitawaangukia watu. Ndipo dada aliponipigia simu Lanet, ninakoishi.

Nilifika alasiri nikiwa na nyundo ndogo. Mtunza ukumbi, mzee mcheshi, alinifuata nyuma.

"Mzee, unabisha hodi? Wakisema karibu, mimi siko hapa!"

Chuma kizima hulia kikigongwa. Nguzo za upande wa mlima, mbali na ziwa, zililia. Ya shemeji yangu, iliyo ya kwanza karibu na mlango, haikulia. Ilitoa sauti butu, kama ya ubao uliolowa, kisha kitu kikaanza kushuka ndani yake, polepole, kutoka juu hadi chini. Mtunza ukumbi aliacha kucheka.

"Ni vigamba vya kutu," nilimwambia, na ni kweli. Hata hivyo nilijikuta nimerudi nyuma.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Gonga tena," alisema.

Niligonga. Kilishuka tena.

"Alikuwa akitembea hivyo akirudi usiku, amevua viatu ili asiniamshe."

"Dada, watu hawawezi kukaa chini ya paa hili."

"Umejuaje? Kwa sikio? Wewe ambaye tangu utotoni huamini hata kama uji umeiva mpaka uchungulie sufuria?"

Alisema kweli. Nilimwomba ruhusa ya kukwangua.

Alinionyesha mguu wa nguzo kwa kidole. "Hapo chini tu. Usifike kwenye jina."

Nilipiga magoti na kisu. Rangi ilitoka kipande kizima, nene kama ganda, ikiwa na umbo lile lile la nguzo, pembe zake nne zikiwa zimenyooka. Nyuma yake hapakuwa na nguzo. Chuma kilikuwa kimeliwa kutoka sakafuni hadi kimo cha kifundo cha mguu, na kilichokuwa kimesimama hapo ni rangi peke yake. Niliondoa vipande vilivyobaki, nikapitisha kiganja changu chini ya nguzo, kikatokea upande wa pili.

Dada yangu aliinama kwa shida, akapitisha chake pia.

"Kwa hivyo hakulibeba paa. Paa ndilo linalombeba yeye."

"Ndiyo."

"Na mimi namvisha tu rangi." Aliinuka, akamgeukia mtunza ukumbi. "Toa viti nje, baba. Vyote."

Ibada ilifanyika uwanjani, katika upepo mweupe. Wapo wanaosema kwamba tulipoimba, ukumbi uliitikia. Nilikuwapo na nilikuwa nikiimba. Sikusikia chochote zaidi ya sisi wenyewe. Nimeambiwa pia kwamba ukumbi uliporomoka mvua kubwa zilipokuja. Siku hiyo sikuwapo.

Ninachoweza kukiapia ni hiki. Watu walipokwenda kula, dada yangu aliingia ukumbini kumuaga mumewe, nami nikamfuata, kwa kuwa nisingemwacha aingie peke yake. Upepo ulikuwa umetulia. Nyundo yangu ilikuwa garini. Mikono yake ilikuwa ndani ya shali yake, na yangu ilikuwa nyuma yangu. Hakuna aliyeigusa nguzo. Nyuma ya jina lile vigamba vilianza kushuka, taratibu, vikafika chini, vikamwagika sakafuni mbele ya viatu vyake.