Dimbwi la Ukweni

Mama mkubwa Chausiku hamwamini mtu anayevaa glavu ili ashike maji. "Maji haya haya ndiyo niliyoogeshwa siku niliyozaliwa," husema, "leo mtu anayashika kama anashika nyoka. Ama yeye ana lake, ama maji yana lake. Na maji nayafahamu."

Hayo si yote. Haamini mizani ya mtu mwingine, haamini kicheko cha asubuhi, haamini mgombea anayelijua jina lake. Soko la Mawenzi, anakoshusha unga wake wa kivunde, wamembatiza Bi Kagua, maana humkagua mnunuzi kabla mnunuzi hajaukagua unga. Lakini wananunua. Ule ni unga wa mihogo iliyolowekwa ikaiva, mweupe, haunuki, ugali wake unashikana bila ugomvi. Siri yake haiko kwenye mikono, japo mwenyewe hapendi hilo lisemwe. Iko kwenye dimbwi.

Dimbwi liko juu ya Lukwele, kijiji chetu cha huku mlimani, pale kijito kinapopumzika katikati ya mawe kabla ya kuteremka. Mihogo ukiiloweka pale inalainika upesi kuliko kokote. Wazee walisema ni baraka za mabibi waliolala huko juu. Mimi, ambaye stashahada yangu ya maabara ilikata pumzi katikati ya kilima, nasema ni bakteria: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaishi majini na kuutafuna ule ugumu wa mhogo. Nilimweleza mama mkubwa hivyo mara moja. Akaniuliza kama nimekula.

Dimbwi ni la ukoo wetu, na kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama. Ardhi ni ya upande wa mama, watoto ni wa upande wa mama, na mume, hata awe na ndevu za heshima kiasi gani, kwenye shamba la mkewe yeye ni mkwe. Analima, anakula, anashukuru. Baba mkubwa Rehani amelijua hilo tangu aoe, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo Dokta Oscar alipanda kutoka chuoni mjini, na vijana wake na makasha ya barafu. Kazi yake ni kutafiti vijidudu vya majini. Alikuwa ameula ule unga, akaufuata hadi kwenye maji. Chausiku alikuwa sokoni. Dokta akafanya kosa la mtu aliyekulia kwingine: akauliza mwenye nyumba, akaonyeshwa mwanamume. Rehani kuitwa "mzee mwenye eneo" kwa mara ya kwanza maishani, akavimba kama andazi.

"Chukueni tu, wanangu. Maji hayaishi. Njooni kesho niwaonyeshe."

Jioni mama mkubwa akarudi, akasimuliwa. Hata ungo hakuutua.

"Umewapa maji ya nani?"

"Ya hapa."

"Hapa kwa nani, Rehani?"

"Chausiku, ni vichupa tu vya utafiti."

"Lile ua la milimani kwetu walilochukua Wazungu nalo lilianza na kichipukizi tu. Leo liko Ulaya, limekaa dirishani kwenye chungu. Nani huku kwetu amepata hata hicho chungu? Wakishajua maji yana nini, wataweka ukuta. Mihogo yangu nitailoweka kwenye sufuria?" Halafu akatabasamu, na hapo ndipo sote tulipoogopa. "Kesho nitawapeleka mwenyewe."

Asubuhi wakamwamkia shikamoo kwa pamoja kama wanafunzi. "Marahaba, wanangu. Twendeni." Badala ya kupanda, akateremka. Akawapitisha kwenye migomba hadi dimbwi la ukoo wa Rehani, ambalo mwangalizi wake ni Raya, dada yake Rehani, yaani wifi yake yeye. Lile dimbwi, tusifichane, bata wanaoga humo, migomba iliyokatwa inaozea humo, na Raya analoweka humo mihogo ambayo hata mbuzi huinusa akageuza njia.

"Ndipo hapa," akasema mama mkubwa, uso mkavu.

Dokta Oscar akachutama, akavuta harufu, akafumba macho kama mtu aliyefunuliwa pilau. "Vijana, mnasikia hiyo harufu? Safi kabisa!"

Mama mkubwa akanigeukia. "Amesema safi?"

"Amesema safi."

"Basi si wezi hawa. Ni wagonjwa."

Raya akatokea na beseni kichwani. "Heh! Wifi leo umeniletea wageni? Itanyesha mawe."

"Nakupenda, wifi yangu."

"Hapo ndipo unaponitisha."

Rehani alipouliza wamekwenda wapi, akajibiwa: "Wewe uligawa ya kwetu, nami nimegawa ya kwenu. Tumelingana."

Ukapita mwaka, na wa pili ukaelekea ukingoni, Dokta akarudi na mama mmoja wa kampuni. Mkutano ukaitishwa. Wakaeleza kwamba kwenye maji ya dimbwi la chini wamepata bakteria mlafi ajabu, anakula uchafu wa chooni na mafuta ya mifereji. Chuoni wamemkuza kwenye matangi, wakamkausha akawa unga, na kampuni inamuuza kwenye pakiti. Unamwaga shimoni, harufu inakwisha, shimo linachelewa kujaa. Wenye chanzo watapata mgao wa mauzo, na chanzo kitazungushiwa uzio kisiharibiwe.

Safari hii Dokta alikuwa ameshafunzwa: aliuliza ukoo. Raya akasimama na kanga mpya. Rehani akapiga makofi hadi watu wote walipokwishanyamaza, yeye bado anapiga.

Mimi nikauliza: huo mgao wa mauzo, mauzo yenyewe anayaona nani? Mama wa kampuni akasema ni swali zuri sana, kisha akajibu jingine.

Ndipo Dokta Oscar akamgeukia mama mkubwa. "Bi Chausiku, kuna kitu kinanisumbua. Nilikuja kutafuta kijidudu cha kulainisha mihogo. Kwenye maji yale hakipo hata kimoja. Ile mihogo yako huwa unailoweka wapi?"

Mkutano mzima ukatazama chini. Lukwele hakuna asiyejua. Akisema, naye atakuwa na mgao, na jina, na makofi. Akisema, pia, itakuja seng'enge na kufuli kati yake na mawe ya mama yake. Akinyamaza, wifi ndiye atakayetajwa hadi siku ya mwisho. Nilimwona akimtazama Raya kuanzia kanga hadi viatu.

"Mihogo tuliacha, mwanangu," akasema. "Siku hizi tunakula wali."

Begani, kwenye kanga yake, unga wa kivunde ulikuwa umeganda mweupe kama chokaa. Dokta akautazama.

"Wali ni mzuri," akasema, akafunga begi lake.

Mpaka leo hatujui kama alijua. Mama mkubwa anasema alijua, na atarudi. Kwa hiyo yeyote anayepandisha njia ile na begi, hata awe mwalimu wa madrasa, analifungua kwanza.

Uzio ulijengwa kweli. Mgao wa kwanza nao ulikuja, nisiseme uongo, ukoo wa Raya ukaezeka nyumba ya mama yao. Wa pili bado unasubiriwa. Raya amefanywa mlinzi wa chanzo, amepewa koti lenye nembo. Ufunguo hakupewa. Ufunguo unakaa mjini.

Na mtu hawezi kuloweka mihogo kwenye koti. Asubuhi moja tukamwona Raya anapanda na tenga kichwani, koti amelivaa.

"Hodi, wifi."

"Karibu, bosi."

"Usinicheke. Najua uliniletea wale watu kwa makusudi."

"Nawe uliwapokea kwa mikono miwili."

"Naomba kuloweka."

Mama mkubwa alilishusha tenga, akatoa mhogo mmoja mmoja, akapapasa hadi chini akitafuta kichupa. Hakukuta. Alikuta pakiti ya ile dawa ya choo.

"Hiyo zawadi yako," akasema Raya. "Choo chako kinanuka, ila tunakuheshimu."

Mama mkubwa akaishika kwa ncha za vidole, akaitia chini ya jiwe mbali na maji. Haijamwagwa hadi leo. Anauliza: hivyo vijidudu vya kampuni vikishaingia chooni kwake, nani anajua kama havirudi mjini kusimulia?

"Vua hilo koti kwanza," akamwambia wifi yake. Raya akalivua, akalitundika mtini. "Haya, loweka. Lakini upande wa chini. Juu ni mihogo yangu."

Raya akateremka upande wa chini, akaanza kupanga mihogo yake majini, na mama mkubwa akaketi juu ya jiwe, kumwangalia.