Macho ya Sanamu ya Pangoni

Mwalimu alikuwa haoni tena nilipoanza kazi ya kumhudumia nyumbani kwake Kingstanding, huku ughaibuni. Alizaliwa Sri Lanka, akafundisha hesabu Nakuru miaka mingi, na Kiswahili chake kilinishinda mimi niliyekulia Eastleigh. Aliposikia naenda kwao, harusini kwa mfanyakazi mwenzangu, alinishika mkono asiuachie.

"Kuna hekalu la kale la Wabudha, ndani ya pango," akaniambia. "Baba yangu alipewa kazi ya kupaka rangi upya sanamu iliyolala. Macho huchorwa mwisho. Mchoraji huipa sanamu mgongo na kuchora akitazama kioo, maana si vizuri itazamane na mtu. Watu walisema baba aliogopa, akaiacha bila macho. Yeye aliapa kwamba alimaliza. Nami nikasema lisemwalo lipo, nikamwita mwongo. Amekufa hatusemezani. Uniangalilie, binti."

Basi nikaenda. Nilivua viatu, nikaingia peke yangu. Mwamba ulikuwa baridi, na maji yalidondoka mahali nisipopaona. Mama yangu angejua nimo humo kwenye masanamu angenisema mwezi mzima.

Nilimulika uso wa sanamu kwa simu. Ulikuwa laini kama yai. Macho hayakuwepo.

Nilimhurumia Mwalimu, kisha nikaogopa, sijui kwa nini. Nikageuka niondoke, na katika kubabaika kidole kikafungua kamera, ile ya kujipiga mwenyewe. Nikajiona kwenye kioo cha simu. Nyuma ya bega langu macho mawili yalikuwa wazi, yananitazama mimi.

Nikageuka. Uso laini, vilevile.

Mlinzi akaja akinifokea kwamba ni mwiko kujipiga picha ukiwa umeipa sanamu mgongo. Alitaka niifute. Sikuwa nimepiga hata moja.

Siku niliyorudi kazini, ndani ya basi nilipanga kumdanganya Mwalimu kwamba macho yapo, yamekamilika. Lakini aliponiuliza nilishindwa, nikamweleza yote.

"Ulipotazama hivihivi?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Na kwa kioo?"

"Yapo."

Machozi yakamtoka, nami nikamfuta kwa kanga yangu. Kisha akainua uso, akauelekeza nyuma yangu, mlangoni, akasema maneno machache ya kwao kwa sauti ya kitoto.

Nikamuuliza amesema nini.

"Nimemwomba baba radhi," akajibu. "Msogezee kiti, binti. Amesimama muda mrefu."

Sikuthubutu kugeuka.