Maalim Mwinshehe na Jina la Mama

Maalim Mwinshehe hakuwa na sauti. Tuseme ukweli, alikwaruza. Lakini mtu akifa hapa Bagamoyo, tulimtaka yeye akasome talkini, yale maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, akumbushwe la kuwajibu malaika. Maneno yenyewe ni yale yale kwa kila maiti. Panapobadilika ni mahali pamoja tu: jina lake na jina la mama yake. Kitabuni pameandikwa "ewe fulani, mwana wa fulani", msomaji ajaze mwenyewe.

Sasa kuna siku Maalim alikuwa Lugoba, kijana mmoja, Mrisho, akasoma badala yake. Wallahi, akasoma kama kitabu kilivyoandikwa! Maiti wa watu akaitwa fulani, ndugu zake wamesimama pale. Nilitaka kumzaba kofi. Maalim hakuwa hivyo. Kabla ya kila maziko alikwenda mwenyewe nyumba ya msiba, akauliza jina la mama.

Mwaka wa Azimio la Arusha akafa Mgeni, mchukuzi wa chumvi. Huyu aliletwa mjini mchanga kutoka upande wa Fukayosi, mama yake kafia njiani, jina halijulikani. Bi Biubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyemlea. Maiti asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, mama yetu sote, ndivyo tulivyofundishwa. Maalim alilijua hilo, na bado alikwenda. Mimi jirani nilikuwapo.

"Sikumzaa, Maalim," Bi Biubwa alimwambia. "Lakini asiitwe kama mtoto asiye na mtu. Nakuomba."

Maalim akainamisha kichwa, akaondoka bila kuahidi neno. Roho iliniuma. Mzee gani huyu!

Makaburini jua lilikuwa kali, watu wanataka kwenda zao. Maiti huitwa mara tatu. "Ewe Mgeni, mwana wa Hawa," akaita. Akarudia vivyo hivyo. Nikasema moyoni, basi tena, imekwisha. Ya tatu akakohoa kwanza.

"Ewe Mgeni, mwana wa Hawa, uliyelelewa na Biubwa."

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo nilikwenda mbio kumweleza Bi Biubwa.

"Alinitaja mara ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu, bibi."

Akacheka huku analia. "Basi kasikia. Mgeni huyo, tangu mdogo, nimwite vipi, haitiki mpaka mara ya tatu."