Salamu ya Sekunde Kumi na Moja

Ndugu wananchi wa Mbinga, wa Kitai na wa mwambao wote wa Ziwa Nyasa, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba mbio za farasi zimewasili kwetu. Farasi wenyewe bado hawajawasili. Kilichofika ni luninga moja yenye ufa pembeni, iliyotundikwa ndani ya kibanda cha kubeti nyuma ya duka la mbolea mjini Mbinga.

Ni saa tisa kasoro dakika tano, Jumamosi. Gaudiosa, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, ameketi nyuma ya dirisha dogo la mbao akipokea madau. Mbele yake wamejipanga wanaume wenye vidole vilivyobaki na rangi ya kahawa mbivu. Wengi walipokea malipo ya msimu wiki hii. Baadhi hawatafika nayo nyumbani.

"Dada Gau, leo babu yako haji?" anauliza kijana mmoja, akiwakonyeza wenzake.

"Babu yangu yupi?"

"Yule anayekuja na namba kutoka mbinguni."

Wanacheka. Gaudiosa hacheki. Anamrudishia kijana chenji yake, shilingi elfu moja, akiinyoosha noti kwanza kama mtu anayempa padri sadaka.

Alizaliwa Lituhi, katika familia ya wavuvi, na alikuja Mbinga miaka mitatu iliyopita. Mshahara wake ni shilingi laki moja na themanini kwa mwezi. Chumba kinakula elfu thelathini, mama yake kule ziwani anapelekewa elfu arobaini. Alikuwa akiweka akiba ya jokofu, apate kuuza mbasa wabichi hapa mjini, ambako watu hula samaki waliokwisha kukauka mara mbili.

Jana Ijumaa, mwenye kibanda, Bwana Praygod, alimwita chumba cha nyuma. Akamwonyesha picha za kamera iliyo juu ya dirisha. Katika Jumamosi nne, kibanda kilikuwa kimepoteza shilingi laki saba na elfu thelathini kwa mteja mmoja tu, mzee wa miaka zaidi ya sabini aitwaye Tarsisi.

"Alinipa mpaka Jumatatu saa mbili," anasema Gaudiosa. "Nieleze tulivyogawana. Nisipoeleza, fedha yote inakatwa kwangu, kazi basi, na polisi wanaitwa. Nimwambie nini? Hatukugawana kitu."

Ili msomaji aelewe wizi huu, aelewe kwanza picha. Mbio hizo hukimbizwa Afrika Kusini, na kibanda huzionyesha kwa intaneti. Picha husafiri polepole. Farasi akivuka mstari kule, hapa Mbinga bado yuko katikati ya uwanja, anahangaika.

"Tunabeti mbio zilizokwisha," anasema Bernadi, fundi baiskeli ambaye hukaa benchi la mbele kila Jumamosi. "Farasi ameshanyweshwa maji, amefunikwa blanketi, sisi bado tunampigia kelele akaze mwendo. Na mwenye kibanda anajua. Muulize."

Bwana Praygod, aliyekuja Mbinga kutoka Moshi kama mtumishi wa serikali kabla hajaingia kwenye biashara, hakatai.

"Picha inachelewa kwa wote sawasawa," anasema. "Kama wote ni vipofu, mchezo ni wa haki. Shida ni akitokea mmoja mwenye jicho."

Sheria ya kibanda ni rahisi. Dau hupokelewa hata farasi wakiwa mbioni, mradi mteja awe amefika dirishani kabla hawajaingia kona ya mwisho kwenye luninga. Wakishaingia, Gaudiosa anashusha kibao cha dirisha. Kutoka kona hiyo hadi mstari wa ushindi hakuna muda mrefu, na kumjua mshindi kabla kibao hakijashuka si rahisi. Ingehitajika mtu wa kumpigia simu aliye uwanjani, na sekunde chache za ziada dirishani.

Mtu wa uwanjani alikuwepo, kijana wa huku anayefagia mazizi ya farasi kule. Aliyepokea simu ni Sixtus, dalali wa mahindi anayejulikana stendi yote kwa viatu vyake vyeupe. Na sekunde za ziada zilitoka kwa Gaudiosa mwenyewe, kwa adabu yake.

Kamera inaonyesha hivi. Farasi wanakaribia kona. Mzee Tarsisi anafika dirishani akiwa na noti mkononi. Nyuma yake, mahali ambapo dirisha dogo halimruhusu Gaudiosa kuona, amesimama Sixtus, simu sikioni.

"Shikamoo babu," anasema Gaudiosa, akiinama kidogo kwenye kiti chake.

"Marahaba mjukuu wangu. Umeshindaje?"

"Salama, babu."

"Na huko Lituhi mama hajambo? Ziwa limetulia?"

"Limetulia, babu. Kahawa imekaukaje?"

"Inakauka, inakauka, ila mawingu haya..."

Hapo mkono wa Sixtus unagonga bega la mzee. Mara tatu. Mzee anakohoa, anasukuma noti dirishani. "Niwekee namba tatu, mjukuu wangu."

Kwenye luninga namba tatu ni wa tano na jasho linamtoka. Sekunde chache baadaye anashinda.

"Ungeshusha kibao!" Bwana Praygod alimfokea siku ile ya Ijumaa. "Salamu ya sekunde kumi na moja! Nimeipima! Kazini hakuna shikamoo!"

Gaudiosa anasimulia hayo akitazama mikono yake. "Mzee amesimama mbele yako, anakuulizia mama yako, wewe umshushie ubao puani? Huko kwetu ukifanya hivyo habari inafika nyumbani kabla yako. Alifika kabla ya kona. Nikamhesabia. Wote wenye mvi nawahesabia hivyo hivyo."

Ndivyo ilivyo. Kamera inaonyesha wazee wengine sita wakisalimiwa kwa urefu uleule, na wote sita walipoteza fedha zao. Lakini Bwana Praygod anasema hao sita ndio waliowekwa kuficha mmoja.

Sixtus hayupo. Simu yake imezimwa tangu Ijumaa jioni. Wengine wanasema yuko Liparamba, wengine wanasema amevuka mpaka wa Msumbiji. Aliyebaki wa kumsafisha Gaudiosa ni mzee Tarsisi peke yake.

Jumapili baada ya misa ya kwanza, Gaudiosa anapanda basi hadi Kitai, nauli ya kukopa. Ameambatana na mwandishi wa makala haya, ambaye amemwahidi kwamba gazeti litaiambia dunia ukweli wote.

Mzee Tarsisi yuko nyumbani kwake, anachambua kahawa juu ya kichanja. Punje mbovu anazitupia kuku, nao hawazitaki. Gaudiosa anapiga goti, anasalimu. Safari hii salamu ni ndefu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuimaliza.

"Babu," anasema hatimaye, "Bwana Praygod anasema mimi na wewe tuligawana."

Mkono wa mzee unasimama juu ya kahawa.

"Tuligawana nini? Sixtus alinipa elfu mbili kila Jumamosi. Aliniambia yeye ana deni pale dirishani, akionekana atakamatwa, kwa hiyo nimwekee. Akigonga bega, nitaje idadi. Mimi nilidhani anabahatisha kama wengine."

"Na mimi nilijua lolote?"

"Wewe ulijua kunisalimu, mama. Ni hilo tu." Mzee anajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi. "Kesho nitakuja. Nitamwambia. Ila ataniamini? Mimi ndiye niliyechukua fedha."

"Hatakuamini peke yako, babu," anasema Gaudiosa taratibu. "Anataka aliyeanzisha."

Mzee anageuza shingo. Anamtazama mwandishi wa makala haya kuanzia viatu hadi kalamu.

"Sasa si umekuja naye?"

"Nani?"

"Huyu nabii. Ndiye aliyekuwa akisimama pale kibandani mwezi wa sita, nyuma kabisa ambako dirisha lako halioni, anafumba macho, anainua mikono na kusema, 'Bwana amenionyesha namba saba,' na saba anashinda, watu wanaanguka kwa kicheko. Sixtus akamnunulia chipsi mayai ili amfunulie siri. Nilikuwepo. Walininunulia soda."

Kalamu ya mwandishi imesimama. Kuku nao, inaonekana, wamesimama.

Gaudiosa hapazi sauti. "Ni kweli?"

Ni kweli. Kijana anayefagia mazizi kule Afrika Kusini anaitwa Steven, na ni kaka yangu wa tumbo moja. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, shule ya bweni, nilikuwa likizo na nimezoea kuchekwa. Nilimpigia simu kaka, nikageuka nabii kwa siku tatu bila kuweka dau hata la shilingi. Siku ya nne niliiuza siri kwa sahani ya chipsi, nikarudi shuleni kusimulia bwenini. Niliposikia yaliyompata dada huyu niliomba ruhusa, nikaja kuandika habari zake kwa gazeti la shule kwa masikitiko makubwa, nikiamini kwamba masikitiko yanatosha.

"Andika hayo," anasema Gaudiosa.

"Yote, dada?"

"Yote. Na kesho saa mbili kamili unakuja nayo kwa Bwana Praygod, unayasoma kwa mdomo wako mwenyewe, na kaka yako unampigia simu mbele yake."

"Kaka atafukuzwa kazi, dada. Na Bwana Praygod akiita polisi je?"

Gaudiosa anakung'uta vumbi la goti lake, anamuaga mzee kwa heshima zote, na tayari ameanza kushuka kuelekea barabarani anapojibu.

"Hao polisi nimelala nao kichwani tangu Ijumaa. Usiku wa leo ni zamu yako."